Mashati Yasiyo na Nyuso

Lushoto,
11 Agosti 1974

Mpendwa Kaka Tobia,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote, na ni heri ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Mwalimu Nikodemo. Lakini kwanza nikujulie hali. Huko kambini mnashiba? Mimi mzima, ila baridi ya mwezi huu imenipasua midomo. Mama naye hajambo. Jumapili iliyopita alipanda kutoka Soni akaniletea magimbi ya kuchemsha, akasema nikuandikie kwamba usiache kusali.

Habari yenyewe ni ya kamera yako ya Kirusi. Ulipokiachia chama chetu cha picha, tukawa na kamera mbili, hiyo na ile ya Kijerumani ya shule. Mwezi uliopita fainali za mpira wa meza za wilaya zilichezwa ukumbini kwetu. Mwalimu Nikodemo, mlezi wa chama, alinipa mimi meza ya wavulana na kamera ya Kijerumani. Issa, yule mwenzangu wa Mtae, akapewa meza ya wasichana na kamera yako. Mwalimu alisema mwenye picha nzuri zaidi atakwenda na timu Tanga kwenye mashindano ya mkoa. Issa hajawahi kufika Tanga. Dada yake ameolewa huko, na hawajaonana tangu arusi.

Ukumbi ulikuwa na giza, ukungu umeziba madirisha, na mwamuzi alikataza kutumia taa za kamera zisije zikawapofusha wachezaji. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu cha picha cha maktaba mpaka mwisho. Nikamwambia Issa kwamba filamu zetu ni za aina moja, mwanga ni mmoja, basi namba za kufungulia mwanga kwenye kamera ziwe zilezile. Akabisha. Alisema picha za filamu iliyopita ya kamera ya Kirusi zilitoka nyeusi kwa namba ambazo ile ya Kijerumani ilitoa picha safi, kwa hiyo yeye ataifungulia mwanga zaidi. Nikamjibu kwa kiburi kwamba namba ni namba, hata kwa Warusi. Akacheka, akaniita Profesa.

Filamu zilisafishwa Tanga. Picha zangu zilionyesha hata jasho. Za Issa zilikuwa mashati meupe yanaelea gizani. Zilipobandikwa ubaoni wavulana walipiga kelele, "Jamani, timu ya majini hii! Nani kamfunga nani?" Mwanaidi, nahodha wa wasichana na mshindi wa siku ile, aliutafuta uso wake, hakuuona, akaondoka. Mwalimu akamwita Issa mzembe, akaandika jina langu kwa safari ya Tanga, na akasema kamera yako ni mbovu, irudishwe nyumbani kwetu. Issa alisema tu kwamba labda alisahau kuifungua.

Kaka, hakusahau. Kabla ya fainali alikwenda kuswali Alasiri, akaniomba nimtunzie kamera. Nikaona pete ya lenzi iko kwenye namba aliyoichagua yeye, nikaizungusha mpaka namba ya kitabu. Sikukusudia kumharibia, niliamini namsahihisha. Lakini picha ziliporudi nilijua papo hapo, na nikanyamaza. Nilikuwa naitamani Tanga, na niliona haya watu wajue kwamba sikujua. Kila Issa alipojilaumu mbele yangu, niliinamia daftari.

Jana nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu nikamweleza yote. Alifuta jina langu, akaandika la Issa, kisha akanitaka nirudie maneno yale mbele ya chama. Nikayarudia. Issa aliniuliza kwa nini sikumwambia hata pale alipotoka kuswali. Kisha nikaenda kwa Mwanaidi kumwomba radhi. Akaniambia alikuwa amemwahidi baba yake picha ile, na sasa atamwandikia nini.

Kamera yako si mbovu. Inataka mwanga zaidi tu. Kama utaniruhusu, Issa aende nayo Tanga. Wasalimie wenzako wote wa kambini, na usinijibu upesi kama umekasirika.

Leo asubuhi nimemkabidhi Issa kamera zote mbili na ufunguo wa kabati la chama, niliokuwa nautunza mimi.

Mdogo wako,
Yunis