Stima Niliyokiri Kuiiba

Changamwe,
Mwezi wa Nane, 1948

Kwa mlamu wangu Kahindi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumai zitakukuta u mzima, wewe na wakwe zangu wote wawili, ambao nawaamkia shikamoo hata kama hawataki kuniitikia. Kifua cha baba kimepoa? Na mvua huko Ribe, imewatosha kwa mahindi? Mimi huku nala, nalala, na kazini kwenye reli naenda. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakudanganya, na barua hii nimeikalia baada ya kuapa kwamba sitadanganya.

Na dada yako Nyamvula, miguu bado yamvimba? Nauliza kwa adabu, maana najua sina haki ya kuuliza. Mimba hii ni ya tatu, na watoto wa zile mbili za kwanza tuliwazika siku ya kuzaliwa. Ndiyo sababu nilimleta huku, awe karibu na hospitali siku yake ikifika. Leo yuko kwenu, mbali na daktari, na aliyemfukuza hapa ni mimi, ijapokuwa sikumwambia ondoka.

Ulinitumia neno kwa mdomo wa Kitsao, jirani yangu wa Magongo, kwamba dada yako ana swali moja tu: ikiwa sikuiba stima, basi nilikiri nini? Swali hilo limeninyima raha. Nitalijibu, lakini sharti nianze mwanzo, kwa kuwa nyinyi mliisikia nusu.

Ile nyumba ya ghorofa tuliyopanga Magongo waijua. Mwenyewe yuko kisiwani, na msimamizi wake ni Bwana Hadi, yule mwenye mkahawa nyuma ya nyumba. Mwaka jana ilipoingizwa stima tulifurahi kama watoto siku ya Idi. Kila chumba kilipata globu moja, mita ikawekwa moja tu chini ya ngazi, na hesabu ikija Bwana Hadi huigawa sawasawa kwa vyumba vyote. Mwanzo zilikuwa hela ndogo. Kisha zikapanda, zikapanda tena, mpaka gharama ya taa ikakaribia kodi yenyewe. Tulimwendea, mimi nikiwa msemaji, maana mdomo wangu waujua. Nilimwambia globu moja haiwezi kula kiasi kile. Alitukaribisha kahawa kwa upole wote, akasema mita haina ulimi wa kusema uongo, na kwamba bila shaka mmoja wetu ana pasi ya stima, zile zinazochomekwa penye globu, naye anaitumia kwa siri. Tumtafute wenyewe. Asipopatikana, mwisho wa mwezi angetutoa sote.

Tulikwenda kulalamika tukarudi na mwizi. Tangu siku hiyo hatukuwa majirani tena. Watu waliinama kuchungulia chini ya milango kuona mwanga wa wenzao, na Bi Mwanamkasi wa chumba cha mbele, ambaye mlango wake haukuwa ukifungwa mchana kutwa, alianza kutia komeo. Hapo ndipo Kitsao alipotoa shauri la kiraho cha paipai. Aletwe mganga kutoka Kaloleni, avisemee vipande vya paipai, kila mpangaji ale chake. Asiye na hatia atakula tunda tu. Mwizi atavimba mdomo, na wewe wajua kama mimi kwamba kuna waliovimba wasipone. Sisi tunaokwenda kanisani tulinung'unika, lakini akataaye kiraho amekwisha jihukumu. Bi Mwanamkasi alisema yeye ni Muislamu, paipai ya mganga hali, ila yuko tayari kushika msahafu na kula yamini, wakamkubalia. Nilipouliza kuhusu mke wangu na hali yake, mganga alinijibu kwamba mimba haimzuii mtu kula tunda.

Tulikusanyika uani Jumapili baada ya sala. Sinia ilizunguka, na waliokula walikaa wakipapasa midomo yao. Ilipomfikia Nyamvula, alinyoosha mkono kuchukua kipande chake bila kusita. Nikasimama nikasema jamani, rudisheni sinia, mwizi ni mimi. Nikawaambia pasi nilikuwa nayo na nimekwisha kuitupa baharini.

Hakuna aliyetaka kujua zaidi. Mganga alikusanya paipai yake akanidai malipo. Kitsao, niliyekuwa nikinywa naye maji ya mtungi mmoja, alitema mate mbele ya miguu yangu. Bwana Hadi alitupa muda mpaka kesho yake asubuhi tuhame. Nyamvula hakulia. Alifunga nguo zake, akasema amenizikia watoto wawili, na huyu wa tatu hatamzaa awe mwana wa mwizi. Yaliyofuata wayajua, kwa kuwa wewe ndiwe uliyempokea.

Na wajua pia kwamba mwezi uliopita alikuja fundi kubadilisha mita. Alipoizima nyumba, gramafoni ya mkahawa wa Bwana Hadi ikakatika katikati ya wimbo. Fundi akaufuata waya darini, akaukuta umetoka kwenye mita yetu kwenda moja kwa moja mkahawani. Bwana Hadi alisema ni makosa ya mafundi wa kwanza, na Mungu ndiye ajuaye. Senti moja hakumrudishia mtu. Wapangaji bado wanamwamkia, watafanyaje na vyumba ni vyake kuvitoa.

Wao walikuja kunitaka radhi hapa kwenye landhi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, ninapokaa sasa. Kitsao alinichinjia kuku. Waliniuliza swali lile lile la dada yako, nikacheka, nikasema nilijitoa ili wao wasitolewe. Wakanisifu sana, wakaniita mwanamume. Kahindi, kuku yule nilimla.

Wajua, walisema wa kale, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukweli ni huu. Siku chache kabla ya kiraho nilirudi nyumbani mchana na homa. Nyamvula hakuwapo. Nikalala chali, nikaona penye globu hapana globu, ni kishikio kitupu kinaning'inia. Nikainama kutafuta chungu cha maji, nikaona chini ya kitanda kanzu tatu zisizo zangu, zimepigwa pasi mpaka mikunjo yasimama. Sikumwuliza. Nilijifunika shuka nikamhukumu mimi mwenyewe, shahidi mimi, kadhi mimi. Kwa hiyo sinia ilipomfikia sikuwa naiokoa nyumba. Niliona mdomo wa mke wangu utavimba mbele za watu, afe yeye na mtoto.

Siku ile ile ya kuku, Bi Mwanamkasi alibaki nyuma, akaniambia asilolijua kuwa ni kisu. Kanzu zilikuwa zake, za kuuza. Nyamvula alikuwa akimshonea shingo za kanzu, kisha wanazipiga pasi ya makaa chumbani kwake, na akinificha kwa kuwa nilimkataza kazi na tumbo lile. Alitaka kumnunulia mtoto nguo. Na globu, kila asubuhi aliitoa akaifunga katika leso, maana aliamini stima huvuja mchana kama mtungi wenye ufa. Alikuwa akipunguza gharama ya nyumba, ili mumewe msemaji asiaibike mbele ya Bwana Hadi.

Ningeweza kumtumia jibu nililowapa wengine. Pengine angerudi nalo, tena akijivuna, na hospitali ingekuwa karibu. Nimelifikiria hilo, sikufichi, hata barua ya namna hiyo nimeiandika nikaichana.

Basi msomee hii, wala usimpunguzie. Mwambie nilikiri wizi wake. Mwambie niliishi naye chumba kimoja, nikala chakula cha mkono wake, nikamwona mwizi, na sikumwuliza hata neno moja.

Niamkie wakwe zangu, umbusu mwanao Kache, na majirani wote wa hapo wanaonikumbuka kwa wema uwasalimu. Nyamvula asipotaka kunijibu, usimlazimishe. Ila siku yake ikifika, nakuomba unitumie mtu aniambie kama wote wawili ni wazima.

Ni mimi, mlamu wako kama bado wakubali jina hilo,
Nguma wa Nzai