Jino la Mwadhini

Isiolo, 4 Februari 1978

Sadia binti yangu,

Salaam aleikum. Hapa sote wazima, mbuzi pia, ila mvua hakuna. Nawe hujambo huko Nairobi?

Jino langu la pembeni limevunjika nusu. Nilikuwa nikitafuna bun, ile kahawa tunayokaanga kwa samli, nikasikia kach! Sasa nikinywa maji naruka. Na mwadhini wa msikiti wetu bado ni mimi, kwa hiyo nawaita watu kwa swala huku nimeshika shavu. Denge fundi wa chuma ana koleo. Akirudi kutoka Merti mwisho wa mwezi ataling'oa.

Baba yako,
Shuriye

Nairobi, 13 Februari 1978

Baba mpenzi,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, na kazi kwa daktari wa meno ni ile ile: mimi nashika taa, wagonjwa wanashika viti.

Tafadhali usimpe Denge mdomo wako. Koleo lake ni la misumari. Mzizi ukiwa mzima, daktari hulichonga jino, akachukua kipimo, kisha akalivika kofia ya chuma. Utatafuna kama zamani. Ukiling'oa, jirani zake nao wataanza kuinamia pengo. Njoo ukae kwangu. Gharama usiulize.

Binti yako,
Sadia

Isiolo, 9 Aprili 1978

Sadia,

Salaam aleikum. Afya ninayo, shukrani kwa Mungu. Tangu nirudi kutoka kwako natafuna pande zote, hata nyirinyiri, ile nyama yetu kavu ya kukaanga. Daktari wako ana mkono.

Lakini hukuniambia kofia itakuwa ya dhahabu. Mimi sikutazama kioo, mwanamume gani hujitazama meno? Aliyeona ni Abshir, tunayeuza naye mbuzi Ngaremara, siku nilipocheka. Akasema mbele ya watu: "Mzee, dhahabu ni haramu kwa mwanaume, hujui? Na ni wewe unatuitaga swala?"

Wiki mbili sasa sijaadhini, nasingizia kifua. Sheikh akiniuliza hali, namjibu kwa kichwa. Aibu inaniua, Sadia. Naenda Oldonyiro kununua ng'ombe. Nikirudi, Ijumaa tarehe 21, Denge ataling'oa pamoja na kofia yake. Usikasirike.

Baba yako

Nairobi, 16 Aprili 1978

Baba,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, na leo salamu ni fupi. Usiling'oe!

Nilikosea kukuficha. Daktari alisema dhahabu ndiyo inayodumu, nami nikampa herini za mama, zile alizoniachia. Fundi wake akaziyeyusha. Nilijua nikikuambia utakataa, utasema ni za arusi yangu. Lakini wewe ulibaki bila hata picha yake. Nilitaka uwe na kitu chake.

Muulize Sheikh kwanza, baba. Si Abshir.

Binti yako

Isiolo, 24 Aprili 1978

Sadia binti yangu,

Salaam aleikum. Homa imepungua, nakula uji. Barua yako niliikuta posta Jumamosi asubuhi. Denge alikuwa amemaliza kazi jana yake. Alivuta mara tatu.

Nilikwenda kwa Sheikh na shavu limevimba, nikauliza baada ya kutenda. Akasema kama ni pambo haifai, kama ni dawa ya kulia chakula haina neno, na jambo hilo linajulikana tangu zamani. Akauliza mbona sikuja mapema. Nikamwambia niliogopa kufungua mdomo mbele yake. Hakucheka. Alinirudisha kuadhini alfajiri iliyofuata, na pengo langu.

Nimelia, mwanangu. Siku ya kumzika mama yako sikulia hivi, watu walikuwa wengi. Herini zake zimekaa mdomoni mwangu wiki sita na mimi nikizionea haya. Kofia nimeitoa kwenye jino, nimeiosha. Nitakuletea mwenyewe, posta siiamini.

Usimwambie daktari atengeneze nyingine. Na siku ukitaka kunifanyia jambo tena, niambie kabla. Nitakataa, tutagombana, halafu nitakubali. Ndivyo nilivyoishi na mama yako.

Baba yako