Vipimo vya Baba Mdogo

Tarehe 3 Machi

Mwanangu Bibi Darubini,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na kazi ya maabara hapo hospitali kuu haijakumaliza macho. Mama yako mzima, anakusalimu. Mimi pia sijambo, ukiondoa hili, na ulisome ukiwa umekaa.

Nimekwenda kupimwa tumbo. Miaka mitatu najiongezea kiuno cha suruali nikisingizia kitambaa kurudi. Daktari amesema ini langu limejaa mafuta na limeanza kuota makovu. Halafu akauliza, "Mzee, unakunywa kiasi gani?" Nikamjibu, "Naapa, sijawahi hata kuonja." Akatabasamu, akaandika kitu.

Mwanangu, hayo ni maneno ya baba yako mdogo, neno kwa neno. Aliyasema mlangoni mwa duka letu, tumbo limemtangulia, macho ya njano. Nikamwambia ini halidanganyi, nikamfukuza kazi mbele ya wateja, cherehani yake nikaifunika. Alikufa baada ya miezi minne, na sikwenda kumzika.

Tangu nitoke kwa daktari, kila adhuhuri duka likitulia naisikia cherehani yake ikishona. Nikigeuka, imefunikwa vilevile. Naogopa. Niambie, mtu anaweza kuugua ini namna hii bila pombe?

Ni mimi baba yako.

Tarehe 17 Machi

Shikamoo Baba,

Barua imenifikia, na niliisoma nimekaa kama ulivyoagiza. Mimi mzima. Mama mwambie nakula.

Ndiyo, anaweza, tena wako wengi. Chembe za ini hupokea mafuta kutoka kwenye chakula na kutoka mwilini. Mengine huyachoma yawe nguvu, mengine huyafungasha na kuyatuma kwenye damu. Sukari ikizidi, zenyewe huigeuza kuwa mafuta, na chai yako ya vijiko vitano naijua. Yanayoingia yakishinda yanayotoka, mafuta hubaki ndani kama matone. Chembe huvimba, nyingine hufa, na jirani zake hufuma nyuzi ngumu kuziba pengo. Hilo ndilo kovu. Wewe ni fundi, unajua kiraka kinaziba tundu tu. Ini la viraka halichuji damu.

Lako bado liko mwanzoni. Punguza sukari, punguza kiuno, tembea kwa miguu. Makovu machanga yanaweza kupungua.

Sasa la baba mdogo. Alipolazwa hapa alikatwa kipande kidogo cha ini. Vipande hivyo hugandishwa kwenye nta na kutunzwa miaka mingi. Mkuu wangu amekubali nikikate upya, nikiweke juu ya kioo nikitazame kwa darubini, ila anataka sahihi ya mjane wake kwenye karatasi niliyoitia humu. Najua mna miaka minane hamsemezani. Nenda, Baba.

Mwanao.

Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Usiniulize nilikuwa wapi miezi miwili. Mara tano nilifika kwenye kona ya nyumba ya shemeji, mara nne nikageuza.

Mara ya tano nilibisha. Alisoma karatasi yako amesimama, akatia sahihi, akanirudishia. Kiti sikukaribishwa. Sahihi hiyo imo humu.

Kuna jambo jingine. Nimefungua daftari letu la vipimo. Nilikuwa namshonea yeye kila mwaka, na ukurasa wake upo. Kiuno thelathini na nne, thelathini na sita, thelathini na tisa, arobaini na tatu. Mapaja yanapungua huku kiuno kinapanda. Mwandiko ni wangu. Nilimzungushia tepu kwa mikono hii, nikaongeza kitambaa, nisiulize kitu. Na mimi nimeanza thelathini na tano, sasa ni arobaini. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Niambie kioo kinasemaje. Kama alikuwa anakunywa, nitapumua. Kama hakunywa, sijui nitaishije.

Baba yako.

Tarehe 20 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini dawa ya kutembea unaimeza.

Nimekata, nimepaka rangi, nimetazama siku mbili. Matone ya mafuta yamo, chembe zilizovimba zimo, na makovu yamelizunguka ini kotekote. Lakini Baba, ini la mnywaji na ini la asiyekunywa huweza kuwa na alama zilezile. Nilimwita mkuu naye atazame. Amekubaliana nami: kioo hiki hakiwezi kusema.

Kwa hiyo ushahidi hakuna, na hautakuwepo. Limebaki neno lake tu.

Na mimi nina langu. Siku ile ulipomfukuza nilikuwa dukani natia vifungo. Nilikuwa namwamini, nikanyamaza kwa kukuogopa. Nilipoinama kwenye darubini niliona aibu kama vile ananitazama yeye.

Mwanao.

Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu,

Salamu, na samahani kwa ukimya. Barua yako ilikaa mfukoni mpaka ikachakaa.

Jumapili niliwakusanya ndugu kwa shemeji. Nikasimama nikasema, ndugu yangu hakuwa mlevi, nilimsingizia. Shangazi yako, unamjua hana breki, akauliza, "Ushahidi uko wapi?" Nikasema sina, ninalo neno lake tu, na ini langu nalo sasa linaugua kama lake. Akapiga makofi. "Kumbe nawe ulikuwa unaficha chupa nyuma ya cherehani! Walevi wawili, duka moja!" Watu wakaangua kicheko.

Kiapo kilinifika mdomoni, kilekile. Nikakimeza. Nikawaacha waamini wanavyotaka.

Ndipo shemeji akasukuma kiti. "Kaa, shemeji," akasema. Akanimiminia chai, na sukari akaiweka mbali nami.

Kiuno sasa ni thelathini na nane. Nimekiandika kwenye ukurasa wa baba yako mdogo, chini ya arobaini na tatu. Wewe ulikuwa mtoto, vifungo vyako vilikuwa sawa, usijitese.

Cherehani bado naisikia kila adhuhuri. Siku hizi sigeuki. Namwambia, "Nakusadiki, mdogo wangu," kisha naendelea kushona. Bado haijanyamaza.

Baba yako.