Kiti cha Baiskeli Kimepandishwa

Same, 20 Januari 2024

Mume wangu Eliufoo,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Mpanda, na natumaini kifua kimepoa, maana barua iliyopita ulisema vumbi la kokoto linakusumbua. Sisi wazima. Clemence aliumwa tumbo siku mbili, amepona. Upepo wa Same unaujua: umeng'oa bati mbili za banda la kuku, nimezirudishia.

Viki ameanza kidato cha kwanza. Shule iko kilomita saba kutoka hapa, tatu mbele ya soko ninaposhonea nguo. Baiskeli uliyotuachia inafanya kazi siku sita, na ya saba inatupeleka kanisani. Clemence namfunga miguu kwa kanga asiiingize kwenye spoku. Adui yetu ni miiba. Mwezi huu fundi Zephania ameziba pancha nne. Juzi akaniambia mbele ya wateja, "Mama Viki, hili tairi lako linakula miiba kuliko mbuzi wa Kisiwani." Nikamwambia azibe, asihubiri.

Nakutumia picha tuliyopiga kibandani kwake. Nimeisafisha studio kwa kuwa simu yako huko kambini haishiki mtandao.

Wako,
Mama Viki


Kambi ya barabara, Mpanda, 11 Februari 2024

Mama Viki,

Poleni na upepo. Kifua kimetulia. Ahsante kwa picha. Nimeitazama kuliko ulivyotaka niitazame.

Umekaa kwenye keria, Clemence mapajani. Kwenye kiti cha mwendeshaji hakuna mtu. Pembeni unaonekana mkono wa Zephania umeshika pampu. Kabla sijaondoka niliweka alama mbili za tupa kwenye bomba la kiti, ya kwako na ya kwangu, zimepishana vidole vinne. Kwenye picha kiti kimepandishwa vidole vitatu kupita alama ya kwako. Kwa urefu huo wewe hufikii pedeli. Clemence hafikii chochote. Na mtu anayeendesha mwenyewe hakai kwenye keria.

Tena kaka Paschal alipita Same akiwa ndani ya basi. Ameniandikia kwamba alikuona barabarani jioni, umebebwa kwenye keria, unacheka. Mwendeshaji hakumtambua, alimwona mgongo tu, na koti kubwa la kaki.

Niambie ni nani anayekaa kwenye kiti changu. Mpaka nijue, baiskeli ipakie kwenye basi imfikie kaka Paschal kule Msangeni. Viki mwambie ahadi yangu iko palepale: asiguse usukani mpaka nije. Baba ndiye anayemfundisha mtoto wake baiskeli.

Mumeo,
Baba Viki


Same, 2 Machi 2024

Baba Viki,

Hatujambo, na wewe tunakuombea uzima.

Baiskeli ilipandishwa juu ya basi Jumatano, tarehe 28. Utingo aliifunga kwa kamba mbili. Shemeji Paschal amepiga simu: ilishushwa Mwanga salama na imepanda Msangeni kwenye gari la ndizi. Aliuliza aifanyie nini kwenye milima ile. Nikamwambia akuulize wewe.

Mimi sasa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Clemence mgongoni. Viki anatembea kilomita saba kwenda na saba kurudi. Wiki hii amechelewa namba ya asubuhi mara tatu, akafagishwa uwanja mara tatu.

Swali lako sijalijibu. Ukiniuliza kama mume, nitakujibu. Umeniuliza kama askari wa barabarani.

Na mimi nina macho. Kwenye picha uliyotutumia Krismasi, mikono ya shati lako imenyooshwa ikasimama mstari. Wewe hujui kunyoosha mkono wa shati. Miaka kumi na tano nimekunyooshea mimi. Sikumwandikia Paschal wala mtu yeyote. Niliigeuza picha ikatazama ukuta, wiki mbili, nikaendelea kushona.

Mama Viki


Mpanda, 24 Machi 2024

Mama Viki,

Habari za watoto? Mpe Viki pole ya miguu.

Shati lilinyooshwa na dobi wa kambi. Ni mzee mwenye ndevu nyeupe na pasi ya mkaa. Usimwonee wivu.

Unaona mimi nimejibu. Wewe umeikabidhi baiskeli haraka mno, hata hukubisha, na mtu asiye na la kuficha hubisha. Jumanne nilipitisha greda juu ya mfereji tuliokwisha kuusawazisha, kwa sababu mbele yangu nilikuwa naona mgongo wenye koti la kaki. Msimamizi akaniuliza, "Eliufoo, wewe unachonga barabara au unatafuta mtu?" Vijana wakacheka mpaka wakaketi chini.

Sasa nauliza kama mume. Ni nani?

Baba Viki


Same, 6 Aprili 2024

Baba Viki,

Pasaka ilikuwa njema, tulikula wali na jogoo mmoja. Wote wazima.

Ni Viki.

Ana miaka kumi na nne. Amenipita urefu kwa upana wa kiganja. Asubuhi alikuwa anatubeba mimi na Clemence mpaka sokoni, anatushusha, anaendelea na shule. Jioni anatupitia. Koti la kaki ni lako, lile uliloacha nyuma ya mlango. Alfajiri na jioni upepo hapa ni mkali. Picha ile aliipiga yeye. Ndiyo maana kiti kilikuwa kitupu. Alama ya tatu kwenye bomba iliwekwa na Zephania kwa tupa yake, mimi nikiwa nimesimama hapo. Alisema, "Huyu ataipita ya baba yake kabla hajafika kidato cha nne." Hicho ndicho kisa chote cha Zephania na mimi.

Nilimfundisha mwenyewe, Novemba, kwenye uwanja wa mnada, kwa muda wa jioni kumi na mbili. Nilishika keria nikakimbia nyuma yake. Alianguka mara sita, ana kovu goti la kushoto. Jioni ya kumi na mbili niliachia bila kumwambia.

Ahadi yako naijua. Alikusubiri Krismasi ya 2021. Alikusubiri Pasaka, akakusubiri na Krismasi iliyofuata, kila mara ukasema mkataba umeongezwa. Sikulaumu kwa mkataba, ndio unaotulisha. Lakini shule ilikuwa inafunguliwa Januari. Aliniomba nisikwambie, kwa sababu alitaka siku utakayoshuka kituoni umkute juu ya baiskeli. Kwa siri hiyo nilivumilia barua zako mbili. Leo ameniambia, "Mama, mwandikie tu."

Ndani ya bahasha kuna uzi. Ni urefu wake kutoka kisigino mpaka utosi, nimempima jana kama ninavyopima wateja. Simama ukutani ujipimie.

Mama Viki


Msangeni, 19 Juni 2024

Mama Viki,

Usishtuke bahasha kutoka karibu. Nina likizo ya siku ishirini na moja. Basi la kutoka Arusha linafika Mwanga kabla ya Same, nikashuka hapo, nikapanda mpaka kwa kaka Paschal. Nimemkuta mzima, anakusalimia. Anasema siku ile angeteremka kwenye basi akaangalia uso. Nimemwambia na mimi ningeteremka.

Sikukujibu wiki kumi kwa sababu kila karatasi niliyoanza ilikuwa na maneno ya mtu mwenye wivu. Uzi ulinifika kidevuni. Huku kambini, kila nilipomwaza Viki, nilikuwa namweka kwenye kitovu.

Zephania nimemtoa moyoni. Samahani yake nitampa mwenyewe, kibandani kwake, mbele ya wateja kama anavyopenda. Lakini wivu haukuondoka naye. Umehamia kwako. Nakuonea wivu wewe, Irine. Kukimbia nyuma ya keria kulikuwa kwangu. Ile jioni ya kumi na mbili ilikuwa yangu, nawe umeitumia, na ukinieleza sababu nakubali zote, ila kifuani hazishuki.

Baiskeli nimeikuta imetundikwa ghalani, kuku analalia kwenye keria. Nimeifuta. Nimeketi kwenye alama ya tatu. Magoti yangu yamekunjika kidogo tu. Kiti sijakigusa.

Jumamosi naishusha mpaka Mwanga kwa kuisukuma, kisha basi, niko nyumbani saa nane. Nina swali moja, nijibu kwa utingo huyuhuyu aliyekuletea barua. Uwanja wa mnada ni tambarare, na njia yenu ya shule ni tambarare. Kuteremka mlima, kugawa breki ya nyuma na ya mbele, kukata kona yenye kokoto: amefundishwa? Kama bado, asifundishwe na mtu. Nilijifunzia kwenye mteremko huu nikiwa na miaka kumi na mmoja, nina mapengo mawili ya kuthibitisha. Hilo niachieni.

Mumeo,
Baba Viki


Same, 20 Juni 2024

Baba Viki,

Karibu Upareni. Utingo anasubiri, ameshapiga honi mara mbili, naandika nikiwa nimesimama.

Kuteremka hajui. Na mimi sijui. Penye mteremko huwa nashuka nasukuma.

Usiishushe baiskeli Jumamosi. Mteremko uko huko, hauko hapa. Shule zimefungwa. Tunapanda kesho sisi, wote watatu, shemeji Paschal atuwekee pa kulala.

Zephania kakutumia raba nne za breki. Amesema, "Mwambie wivu hausimamishi baiskeli kwenye kona."

Viki anasema kiti kisiguswe. Koti lako linakuja, amelivaa. Mimi sikuahidi kwamba utalipata.

Mkeo,
Mama Viki