Sekunde Arobaini za Vasselin

Rennes, Jumamosi asubuhi

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Goti limepoa, au bado unapanda ngazi ukilitukana? Mimi mwili ni mzima, lakini roho imechafuka.

Jana ulinipigia ukicheka, ukasema kwenye mdahalo wa uchaguzi wa Alhamisi mgombea wako Vasselin aliwakomesha wote. Baba, mtu huyo nimemvumilia midahalo mitano! Ukimuuliza bei ya mkate, jibu ni wageni. Ukimuuliza hospitali, wageni. Wenzake wanampigia kelele, naye anatabasamu kama bwana harusi. Nimechoka naye.

Kazi yangu unaijua: tunapima muda wa wagombea ili wote wazungumze sawasawa. Mgombea akikatizwa, saa yake inasimamishwa. Siku ile saa ya Vasselin ilikuwa mikononi mwa mwenzangu Nassira, ambaye wazazi wake ni wahamiaji. Kikohozi kikambana, akatoka kunywa maji, mimi nikamshikia.

Mwisho wa kipindi Vasselin akalalamika kuwa amepunjwa. Wakubwa wetu wakarudia mkanda, wakakuta kweli amepunjwa sekunde arobaini. Kwa kanuni zetu akarudishiwa, akazungumza peke yake, hakuna wa kumjibu. Ulimsikia mwenyewe: eti hata muda wanamwibia, na watu waulize aliyeshika saa anaitwa nani. Kesho yake jina la Nassira likawa kwenye kila gazeti. Amesimamishwa kazi, Jumatatu anahojiwa. Maskini, anadhani kweli alikosea, na ananiomba msamaha mimi kwa kuiaibisha meza yetu!

Nawe ukaniambia kwenye simu, “Si nilikwambia, binti yangu? Watu hao hata dakika wanaiba!” Mimi nikakuuliza habari za nyanya zako za bustanini. Naona aibu hadi sasa.

Baba, ni mimi. Wenzake walipokuwa wakimkatiza Vasselin niliiacha saa yake ikimbie, makusudi, kwa hasira. Nilitaka anyamaze mapema, kumbe nimempa neno la mwisho nchi nzima ikimtazama.

Jumatatu nitaingia kabla ya Nassira na kusema yote. Kazi nitaipoteza, najua. Nimetaka usikie kwangu kwanza, maana Vasselin akirudi kwenye televisheni kulisoma jina la mwizi wake, safari hii litakuwa lako, Le Guennec.

Nisalimie shangazi Annick, na goti ulifunge kitambaa cha joto.

Binti yako akupendaye,
Solenn Le Guennec