Kiti cha Dirishani

Waithaka,
27 Februari 1995

Kwako Baba,

Mgongo umepoa? Na Mama hajambo? Hapa kwa Shangazi tu wazima, ila nina wasiwasi.

Mwezi wangu wa majaribio katika duka la redio la Mzee Kamlesh unakwisha. Juzi tulimfungia Mzee Gichuru wa Karen spika kubwa ya besi, yaani sauti nzito, iitwayo subwufa, katika chumba chake cha muziki. Kitini pake inanguruma vizuri. Mkewe, kwenye kiti cha dirishani, anasema hasikii besi. Mzee akacheka: "Ni masikio yako, mama. Yamezeeka."

Baba, nilikuwa nimekalia viti vyote. Pale dirishani hata mimi sikusikia. Lakini wanaume walikuwa wakisifu, nami nikanyamaza.

Mzee Kamlesh anataka tuwauzie ya pili. Mzee Gichuru anasema tunamkamua. Ijumaa ya wiki ijayo natumwa mimi: nikiharibu, sina kazi. Moja au mbili?

Mwanao,
Lornah

Nakuru,
3 Machi 1995

Binti yangu,

Salamu zimefika. Mgongo ni ule ule.

Fanya tulivyofanya tulipofunga spika za kanisani. Weka spika juu ya kiti, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa kando ya kuta. Unaposikia vizuri, hapo ndipo pa spika. Rudia kwa kiti cha pili. Pakilingana, moja yatosha. Pasipolingana, mbili. Usibishane nao, waache wasikie.

Vaa suruali.

Baba yako

Waithaka,
12 Machi 1995

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Leo mimi ni mzima kabisa.

Suruali Shangazi alikataa, nikatambaa na sketi. Mzee Gichuru akauliza, "Msichana, umeangusha nini?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikajibu, "Shuka nawe usikie, mzee." Hakushuka. Mama Gichuru ndiye aliyevua viatu akapiga magoti. "Wee mzee, njoo huku chini!"

Kiti chake mzee kilitaka kona ya mlango, cha mama kilitaka ukuta wa mbali. Nikasema: mbili, lakini ndogo, na hii kubwa irudi dukani. Mzee Gichuru akakubali. Dukani Mzee Kamlesh alikunja uso, ila jana tukazifunga. Tukiondoka akaniambia, "Jumatatu kuja mapema. Wewe fungua duka." Ufunguo ninao, Baba.

Kabla hatujaondoka, Mama Gichuru alikaa dirishani, akafumba macho wimbo mzima. Kisha akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Masikio yangu ni mazima."

Mwanao,
Lornah