Mswaki si ya Kuazimana, Hata na Baba

Alhamisi. Jua ya leo imekausha omena yangu, hii samaki ndogo ya kuuza, mbio mbio, lakini roho yangu bado inachemka. Wacha niseme.

Madam wa darasa la kwanza, hapa shule ya karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, huniita nifundishe watoto kuosha meno, juu mimi nikiongea wananisikiza. Shule niliachia darasa la nne, sawa, lakini mdomo Mungu alinipa. Wiki iliyopita nikawaambia: mswaki ni kama chupi, hakuna kuazimana. Yawa, walicheka mpaka mmoja akaanguka chini!

Sasa huku kwetu, nyumba mingi mswaki ni moja. Inakaa kwa kikombe, Baba anaanza, watoto wanafuata. Kila mtu anajua, hakuna mtu husema.

Mimi nikasema.

Jumapili Baba Otis, yule wa boda boda wa mtaa wa Manyatta, alikuwa na wageni. Si wageni ya mchezo, ni wakwe! Asubuhi akaitisha mswaki. Kijana yake Otis, mmoja wa watoto wangu wa darasa la kwanza, akapiga kelele mbele ya nyanya yake: "Baba, hiyo ni chupi ya kila mtu!"

Leo Baba Otis akaniletea vita kwa meza yangu ya samaki.

"Mama Apondi, umeniaibisha kwa wakwe!"

"Omera, ndugu yangu, mtoto amesema uongo?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Usiku akilia jino, ni daktari anambeba?"

Wamama wakacheka, yeye akawasha pikipiki moja kwa moja mpaka kwa Hedimasta. Saa nane nikaitwa. Eti kesho niombe wazazi msamaha, ama nisikanyage darasa tena.

Msamaha ya nini?

Mimi ndiye huwaambia hao watoto wafungue mdomo. Naona meno imeoza mpaka ndani, fizi inatoa damu, mtoto anatafuna na upande moja kama mzee. Halafu nipige magoti juu ya aibu ya mtu mzima?

Siombi.

Jioni Mama Otis akakuja, anajifanya anachagua omena. Akainama karibu na sikio yangu: "Dada, mswaki ya mtoto ni ile laini ama ngumu?"

Laini, nikamwambia. Alafu nikampimia omena, kama mteja mwingine yeyote.

Kesho naenda. Hedimasta akitaka afunge mlango. Dirisha ya darasa la kwanza haina kioo, nitasimama nje hapo na nitafundisha.